Kunyamaza kwa Mama Clotilde

Huku kwetu Lubumbashi, kutoka Bel-Air hadi Kasungami, mtu akifiwa alikuwa anatuma ujumbe kwa Mama Clotilde hata kabla ya kutafuta hema. Viti vinaweza kungoja. Bukari, ugali wa watu wa kilio, haingoji. Mama Clotilde ni mwanamke mfupi, mwembamba, lakini mwiko wake ni mrefu kama mpini wa jembe, na akiushika mbele ya nyungu kubwa, hata wanaume wanasogea. Bukari yake haikuwa na mabonge. Watu walikula, walilia, walikula tena.

Mambo haya aliniambia mwenyewe, na amekubali niyaandike. Mengine niliyaona kwa macho yangu.

Mama Clotilde ana kifafa. Si kile cha kuanguka na kutoa povu ambacho kila mtu anakijua. Hicho kinamjia mara chache sana, na tena usingizini. Cha mchana ni cha kunyamaza. Anakuwa amesimama, ana kitu mkononi, mara maneno yanakatika. Macho yako wazi. Midomo inatafuna kitu ambacho hakipo. Vidole vya mkono wa kuume vinachezea pindo la kikwembe, kitenge alichojifunga, wakati mwingine mkono wote unainuka kama mtu anayetafuta ukuta gizani. Ni kwa muda wa kusema Baba Yetu moja, polepole. Kisha anarudi, macho mazito, na hajui alikuwa wapi. Kabla ya hapo anasikia ladha ya chuma mdomoni. Siku nyingine hata hiyo ladha haiji.

Kilimwanza akiwa mtoto wa shule huko Mwene-Ditu. Alipoolewa hapa Lubumbashi, mama mkwe alimwona usiku mmoja akitetemeka. Asubuhi sahani yake ilitengwa. Baadaye godoro lake lilitolewa nje na kuchomwa, na yeye mwenyewe alirudishwa kwa dada yake akiwa na mfuko mmoja. Watu wetu wanasema kifafa kinapitia mate, kinapitia jasho, kinapitia hata pumzi ya tumbo. Mtu akianguka, usimguse, kitakupanda. Basi nani atakula bukari iliyopikwa na mkono wa namna hiyo? Mama Clotilde alielewa. Alifunga mdomo.

Ni muuguzi mmoja tu aliyejua, Papa Zakari, mzee wa watu wa Maniema, anayefanya kazi kwenye zahanati ndogo ya Kasungami. Ndiye aliyempa gardenali, vidonge vya kumeza kila jioni bila kuruka. Siku ya kwanza alimuuliza:

"Mama, unapikaka na moto?"

"Papa Zakari, weye ulionaka bukari ya kuiva na jua?"

Mzee alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema bila kucheka: "Basi utaweka matofali pande zote za moto. Kikwembe ukifunge nguvu. Na usipikake pekeyako hata siku moja."

Akafanya hivyo. Watu waliona matofali wakafikiri ni ufundi. Mimi, aliyenichagua kuwa mwenzake wa nyungu, nilifikiri ananipenda tu. Ananipenda kweli, lakini alihitaji pia mtu wa kusimama karibu.

Vidonge vilipunguza ugonjwa, havikuumaliza. Na hapo ndipo jambo baya lilipoingia, na liliingia kwa mlango wa kanisa, jambo ambalo linaniumiza kuliandika.

Tulikuwa tunasali katika chumba cha maombi cha Papa Symphorien, dereva wa lori aliyeacha usukani akaanza kuongoza watu. Mchana mmoja, katikati ya wimbo, Mama Clotilde alinyamaza. Alisimama, macho wazi, midomo ikienda. Aliporudi, watu wote walikuwa wamepiga magoti mbele yake, wengine wanalia. Papa Symphorien alikuwa ameinua mikono.

"Mama, Bwana anasema nini?"

Alikuwa na usingizi na aibu. Hakujua wimbo gani ulikuwa unaimbwa. Akajibu neno moja lililomtoka: "Tuombe."

Basi, ilikuwa imekwisha. Tangu siku ile hakuwa mgonjwa tena machoni pa watu. Alikuwa mwonaji.

Mara ya pili alinyamaza njiani, uso wake ukielekea mlango wa familia moja. Kabla ya mwezi kwisha, baba wa mlango ule alizikwa. Watu waliunganisha mambo hayo mawili kama wanavyounganisha kamba. Mama mmoja alimletea kuku ili amwangalie mtoto wake wa kike. Alimrudisha kuku. Mama yule akasema: "Kweli ni wa Mungu huyu, hata kuku hakamati!" Kila alipokataa, walizidi kuamini.

Aliniambia: "Nilikuwa nawaza, nikisema haya si maono, wataniuliza ni nini. Na miye nitajibu nini?" Alikuwa anamwomba Mungu ugonjwa umjie akiwa nyumbani, ndani, mlango umefungwa. Lakini ugonjwa hauulizi mtu.

Halafu Casimir akafa.

Casimir alikuwa kijana mwenye nguvu, fundi wa kuchomelea vyuma, wa Bel-Air. Homa ilimshika, akaenda haraka. Aliacha mjane, Nono, na mdogo wake wa kiume, Kalaba, na bibi yake mzaa baba, Kambo Mapalo; kambo kwetu ni bibi. Kambo alikuwa ametoka Mitwaba. Mashamba ya kule yalipoharibika kwa ajili ya watu wenye silaha, Casimir mwenyewe alipanda gari, akamfuata bibi yake, akamleta mjini. Bibi alikuwa mzee mdogo mweusi sana, mwenye jicho moja lenye ukungu, na meno machache. Mjini hakujuana na mtu. Alikaa jikoni siku zote, kwa sababu jikoni kuna joto.

Asubuhi ya mazishi tulikuwa ndani ya lupango, uani nyuma ya nyumba. Mimi natwanga sombe, majani ya muhogo, Mama Clotilde yuko kwenye nyungu, wamama wengine wanasafisha ndakala, samaki wadogo wakavu. Kambo Mapalo alikuwa ameketi juu ya kibao, akichambua maharage na kutuchekesha kwa sauti ya chini, maana mtu akiwa na huzuni nyingi anaweza pia kuchekesha.

"Kambo, utakula bukari kidogo?" mmoja aliuliza.

"Leta. Lakini ndakala, hapana. Niko na meno tatu, na yote haisikilizane."

Tulicheka. Kalaba alipita akatutazama. Macho yake yalikuwa mekundu, na si kwa machozi tu. Nyuma yake walikuja vijana watatu wa barabarani, wale wanaofika kila kilio wakiwa wanajua marehemu au hawamjui. Mmoja alikuwa anasukuma tairi kuukuu kwa mguu. Akaliegemeza ukutani, karibu na makala, mkaa wetu wa kupikia. Alfajiri lile tairi halikuwepo.

Nilisikia wakisema, bila kujificha: "Kijana muzima kama ule hafe bule. Kuko muntu mu hii lupango alimukula."

Ndipo mwiko ukasimama.

Nilipogeuka, Mama Clotilde alikuwa amesimama wima mbele ya mvuke. Mkono mmoja uko juu ya mwiko. Macho wazi. Midomo inatafuna. Uso wake ulikuwa umeelekea kwenye kibao. Na mkono wa kuume ukainuka polepole, vidole vikichezacheza, ukabaki hapo hewani, mbele ya Kambo Mapalo.

"Nyamazeni!" mama mmoja alinong'ona. "Mungu iko nasema."

Ndakala zikawekwa chini. Mchi wangu nikauweka chini pia. Kambo akainua kichwa, akauangalia ule mkono, akatabasamu kidogo kama mtu anayesalimiwa.

"Muangarie," Kalaba akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Muangarie, iko naonyesha kambo."

Harufu ikaanza. Bukari ilikuwa inaungua. Hakuna aliyeigusa, maana huwezi kumsukuma mtu ambaye Mungu anamtumia. Moshi ukapanda. Nyungu ya watu wote wa kilio ikawa nyeusi chini, na sisi tumesimama tunaitazama.

Kisha Mama Clotilde akapepesa macho. Akaona nyuso zetu. Akafanya alivyozoea kufanya.

"Tuombe," akasema.

Kalaba akatoka pale mbio.

Mama Clotilde aliponiuliza kwa nini bukari imeungua, nilimwambia.

"Mama, ulimuonyesha Kambo na mukono. Bantu bote baliona."

"Nilimuonyesha? Miye?" Aliutazama mkono wake kana kwamba si wake. "Na nikasema nini?"

"Ulisema tuombe."

Alikaa chini juu ya mfuko wa unga. Nilifikiri amechoka. Alikuwa ameelewa kabla yetu sisi wote.

Mwanzoni alijaribu njia ndogo. Alimfuata Papa Symphorien kabla gari la maiti halijaondoka, akamvuta pembeni. Mimi nilikuwa nyuma yake na ndoo.

"Papa, Bwana hakusema kitu. Sikuona kitu."

"Mama, hata Yona alikimbia," Papa Symphorien alijibu kwa upole. "Usiogope bantu."

"Papa, nasema kweli. Kambo hana neno."

"Basi kwa nini ulimuonyesha?"

Papa Symphorien akampiga begani kidogo, kwa huruma. "Tukitoka makaburini utasema mbele ya familia. Utasema wazi, na bijana batatulia. Bakiona tunanyamaza, batafanya ya kwao." Nadhani aliamini kweli kwamba maneno yake yatawatuliza vijana. Hakuona tairi, au aliliona akafikiri ni la gari.

Wanaume wakaenda kuzika. Wamama wengi walikwenda pia. Tulibaki wachache na Kambo, ambaye walimwambia asiende. Hakuambiwa kwa nini. Kijana mmoja alibaki kwenye mlango wa lupango, ameketi juu ya kiti cha plastiki, akipiga mluzi.

Mama Clotilde alianza bukari upya. Aliipika kama siku zote. Jasho lilimtiririka usoni. Kambo alisogea na kibao chake mpaka karibu ya matofali.

"Mwanangu," akamwambia, "banasema miye njo nilikula Casimir."

"Nimesikia, Kambo."

"Casimir njo alinileta hapa. Nikimukula, nani atanirudisha ku Mitwaba?" Alicheka, meno yake matatu yakaonekana. Halafu akaanza kulia bila sauti, akiendelea kuchambua maharage, yale mazuri huku, yale mabaya huku.

Mama Clotilde alisonga mpaka bukari ikaiva. Aliifunika. Akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa baridi ingawa ametoka kwenye moto. Hapo ndipo aliniambia. Kifafa, Mwene-Ditu, godoro, vidonge vya Papa Zakari, yote, haraka haraka, kama mtu anayetoa vyombo ndani ya nyumba inayowaka.

Nilisogea. Sitadanganya, mguu wangu wenyewe ulisogea. Kisha nikarudi nilipokuwa.

"Ukisema," nikamwambia, "hakuna muntu atakula tena ku mukono yako."

"Najua."

"Na nyumba utalipa na nini?"

"Mama, siwezi kuomba Mungu anitengenezee nyumba juu ya damu ya huyu muzee."

Tulisikia nyimbo zikija. Vijana ndio waliotangulia, na nyimbo zao hazikuwa za kanisa. Walikuwa na koleo za kuzikia, wanazigongagonga njiani. Desturi yetu, watu wakitoka makaburini, wananawa mikono mlangoni kabla ya kuingia, ili udongo wa kaburi usiingie nyumbani. Ni kazi ya wamama wa jikoni kumwaga maji. Mama Clotilde alichukua beseni na kikombe akaenda mlangoni mwenyewe. Alimwagia Papa Symphorien. Alimwagia Nono, aliyekuwa anashikiliwa na watu wawili. Alimwagia Kalaba, na Kalaba alimwangalia machoni.

"Mama, sema sasa. Tunasikia."

Alikuwa bado ameshika kikombe.

"Nitasema," akasema. "Miye niko na kifafa."

Hakuna aliyeelewa kwanza.

"Ile kunyamaza munaona si Mungu. Ni bugonjwa. Niko nayo tangu troisième primaire, darasa la tatu. Namezaka gardenali. Ikinikamata, sioni, sisikii, mukono yangu inatembea yenyewe. Leo ingenikamata naangaria nyungu, mungesema nyungu njo ilimuua Casimir."

Mama mmoja alianza kupangusa mikono yake kwenye nguo, akipangusa na kupangusa. Wengine waliangalia maji yaliyokuwa yanadondoka vidoleni mwao. Papa Symphorien alikuwa ameinyosha mikono yake mbele, mbali na mwili wake, na hakujua aiweke wapi. Ndani ya lupango nikasikia sahani, bado tupu, ikiwekwa chini, na nyingine, na nyingine.

Nilifikiri imetosha. Nilifikiri ukweli ukisemwa, mambo yanakwisha.

"Kumbe!" Kalaba akasema. "Basi ni kambo njo alikutupia iyo bugonjwa. Alijua utamuonyesha, akakufunga kinywa!"

"Kalaba, nilikuwa mutoto ku Mwene-Ditu. Kambo alikuwa ku Mitwaba. Tulijuana mwaka huu."

"Bulozi inapandaka gari?" mmoja wa vijana akauliza, na wengine wakacheka, kicheko kibaya. "Haina lazima ya barabara!"

Wakaanza kuingia. Koleo moja iligonga ukuta. Yule wa tairi alikuwa tayari amekwenda upande wa makala, na niliona ameshika chupa ya mafuta ya taa, yale wanayomwagia tairi wakitaka kumchoma mtu. Nono akaanza kupiga kelele, "Hapana hapa, hapana mbele ya batoto!" Papa Symphorien alisema, "Bijana, bijana..." na sauti yake haikufika mbali. Mimi nilikuwa naomba, lakini hata jina la Yesu lilikuwa linanipotea.

Mama Clotilde aliweka beseni chini. Alipita katikati yao. Niliona jambo ambalo sijawahi kuliona: vijana wale wenye koleo walimpisha. Mmoja, aliyeguswa na kikwembe chake, aliruka kama ameguswa na moto. Alifika kwenye kibao, akainama, akamshika Kambo Mapalo, si mkono tu, alimkumbatia mwili mzima, shavu kwa shavu, kama mama anavyomwinua mtoto. Jasho lake likampaka.

Kisha akageuka.

"Kujeni basi mumukamate," akasema. "Mutatukamata bote babili."

Kalaba alinyosha mkono. Ulifika karibu na bega la Kambo. Ukasimama hapo.

"Kamata, Kalaba," Mama Clotilde akasema, kwa sauti ileile anayotumia kumwambia mtu chumvi iko wapi. "Weye si unaogopa bulozi? Kifafa haina neno."

Hakushika. Mkono wake ulirudi nyuma, akaupangusa kwenye suruali. Mama Clotilde akaanza kutembea, Kambo amemng'ang'ania, na watu wakaachana pande mbili, wamama, wazee, hata Papa Symphorien, kila mmoja akivuta nguo yake isiguswe. Hakuna aliyewahurumia, nadhani. Waliogopa tu. Na Mungu, kama alikuwa pale, alitumia kile alichokipata.

Nilichukua mwiko wake na mfuko wa Kambo nikawafuata. Nyuma yetu bukari iliyofunikwa ilibaki nyungu nzima. Nilisikia baadaye kwamba waliimwaga shimoni, na kwamba hata mbwa walifukuzwa.

Sasa Kambo Mapalo anaishi Kasungami, katika chumba kimoja na Mama Clotilde. Hakuna anayemwita kupika tena. Amejaribu kuuza mikate ya kukaanga, ikakaa sinia mpaka ikakauka. Sasa anauza makala. Makala wananunua, kwa sababu wanasema kitu kitakachopita motoni hakibaki na ugonjwa. Wanaacha pesa juu ya jiwe. Papa Zakari alimfundisha Kambo jinsi ya kumlaza mwenzake ubavu, na kutomtia kijiko mdomoni, na mzee amejifunza vizuri. Wanakula sahani moja. Mimi nikienda, nakula pamoja nao. Chumba cha maombi kimemkataza Mama Clotilde kuingia mpaka afunguliwe kwa maombi. Tunasali watatu, jikoni.

Juzi Nono alikuja, amejifunika kichwa. Alileta blanketi la Kambo, lile alilonunuliwa na Casimir. Hakuingia ndani. Mama Clotilde alimpa maji, naye Nono akakishika kikombe muda wote bila kukifikisha mdomoni.

"Nimekuja kubaambia," akasema. "Kalaba halale. Anasema kila kinachovunjika ni Kambo. Anasema bakimaliza kilio batakuja kumuchukua. Anauliza bantu nyumba iko wapi."

"Na bantu banamuambia?"

"Bado."

Mama Clotilde alikuwa anajaza makala kwenye ndoo ya mteja. Hakuacha.

"Mwambie asichoke kuuliza," akasema. "Mwambie ni nyumba ya ule mama wa kifafa. Hata mutoto mudogo atamuonyesha. Na mwambie tuko babili, na tunalala kitanda moja."

Nono alilia kidogo, akaweka kikombe juu ya jiwe, akaondoka kwa njia ya nyuma.

Sijui woga wa Kalaba utadumu hadi lini. Woga wa mtu unaweza kumzuia leo, na kesho ukamfanya alete wenzake waliojifunga nguo nene mikononi ili wasiambukizwe. Papa Zakari ameongea na mkuu wa avenyu, mtaa wao, naye amesema ataona. Mwisho wa kilio, siku ya arobaini, ni Jumamosi hii. Nimekwisha kupeleka kwa Mama Clotilde mkeka wangu na kikwembe cha kujifunika.